Bustani ya Maji Machache: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi huamini kwamba bustani isiyotumia maji mengi ni uwanja wa kokoto wenye midungusi miwili mitatu. Kokoto nyingi hunasa joto la jua na kulirudisha kwenye mimea iliyo jirani, ambayo hupoteza maji kwa kasi zaidi. Mamlaka ya maji ya Denver, Marekani, iliyoutangaza mtindo huu mwaka 1981, haikukusudia kuondoa mimea: kanuni zake zinahimiza udongo wenye mboji, matandazo, na nyasi mahali zinapotumika kweli. Matandazo ya majani makavu au magome yenye kina cha sentimita 5 hadi 10 hupunguza maji yanayopotea kwa jua, ila yasigusane na shina, maana huliozesha.

Dhana inayopoteza maji mengi zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kumwagilia kidogo kila jioni. Ndoo ya lita 10 ikisambazwa kwenye mita 5 za mraba huleta milimita 2 tu za maji. Fukua hapo kwa mwiko baada ya kumwagilia: juu udongo umekoza rangi na unang'aa, lakini chini kidogo ya kina cha kidole ni vumbi. Mizizi hukua kule maji yaliko, hivyo hubaki juujuu, na siku moja ya kusahau hutosha kuidhuru. Ni afadhali kumwagilia kwa nadra lakini kwa kina. Udongo wa mfinyanzi upewe maji kwa awamu mbili, ili ya kwanza yazame kabla ya kuongeza mengine.

Mimea inayostahimili ukame nayo hudhaniwa kuwa haihitaji maji tangu siku inapopandwa. Ustahimilivu huo hutokana kwa kiasi kikubwa na mizizi iliyokwisha kusambaa, kwa hiyo mche mchanga huhitaji kuangaliwa kwa msimu mmoja au miwili.

Kuhusu matone yanayodaiwa kuunguza majani mchana, hofu hiyo imetiwa chumvi. Sababu ya kumwagilia alfajiri ni kwamba maji machache hupotea hewani. Vilevile, majani kulegea saa nane mchana si lazima yawe dalili ya kiu, kwa kuwa mimea mingi hufanya hivyo kwenye joto kali na kusimama tena jioni. Ikiwa asubuhi bado yamelegea, chomeka kidole udongoni kabla ya kushika ndoo, kwani mizizi inayooza kwa maji mengi huonyesha dalili hiyohiyo.