Kazi ya ng'ambo: mkataba uletwe kabla ya safari

Siku hizi wanaofika ofisini kwetu hapa Mombasa kuulizia kazi ya ng'ambo ni wachache kuliko wanaokuja kulalamika. Wengi ni wazazi, kutoka Kisauni, Likoni na Changamwe. Binti yuko Saudia, simu yake haishiki, na ajenti amefunga ofisi akahama. Swali letu la kwanza huwa ni moja: mkataba wake ulithibitishwa na ofisa wa leba, yaani ofisa wa kazi wa serikali? Hapo mzee hutazama chini.

Hatumkatazi mtu kusafiri. Fedha walizotuma nyumbani Wakenya walio nje zilizidi dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na huku pwani zipo nyumba za kupangisha zilizojengwa kwa mshahara wa kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani. Faida ipo. Taabu nazo zipo: upweke, saa ndefu za kazi, na lugha, maana Kiarabu cha chuoni, yaani cha madrasa, hakimtoshi mtu jikoni Riyadh. Lakini hayo mtu huyazoea. Lisilozoeleka ni kufungwa na mkataba wa miaka miwili ambao hukuusoma.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kuanzia kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nje uandikwe kwa fomu iliyowekwa, utiwe sahihi na pande zote, kisha uthibitishwe na ofisa wa leba. Ofisa hapigi muhuri tu. Lazima aridhike kwamba umekubali kwa hiari bila kudanganywa wala kushurutishwa, umeyaelewa masharti, afya yako inaifaa kazi hiyo, na hufungwi na mkataba mwingine. Mwajiri asiyeishi Kenya, au wakala wake, huweka dhamana. Anayemshawishi mtu aende kufanya kazi nje bila mkataba wa namna hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Ikithibitika kuwa ni ulanguzi wa binadamu, sheria ya mwaka 2010 dhidi ya ulanguzi huo inataja kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia kosa, ni kifungo cha maisha.

Twaambiwa kila wiki, "Lakini viza ilitoka!" Viza ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi. Ni mara ngapi tulisemee hili? Wako Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta Myanmar, wamefungiwa ndani wakilazimishwa kutapeli watu mitandaoni.

Wengine husema, mambo yakiharibika nitatoroka, ubalozi utanirudisha. Ubalozi hauna uwezo wa kuvunja mkataba wako. Saudia, mwajiri akikuripoti kuwa umetoroka, unaweza kuhesabiwa mkiukaji wa sheria za ukaazi, na kupata ruhusa ya kutoka nchini kunakuwa kazi nyingine. Mwaka 2021 nchi hiyo ililegeza masharti ili wafanyakazi wa kampuni waweze kubadili mwajiri. Wafanyakazi wa nyumbani hawakuhusishwa katika mageuzi hayo, ingawa ajenti hatakwambia.

Kuhusu ajenti: jina lake litafutwe katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyo wazi mtandaoni. Leseni iliyotundikwa ukutani isomwe tarehe, kwani tumeona iliyokwisha muda ikining'inia kwenye fremu nzuri. Kila karatasi unayotia sahihi ubaki na nakala, na nakala nyingine aachiwe mtu wa nyumbani. Tukiletewa nambari ya simu ya kafili, yaani mwajiri mdhamini wa huko, peke yake hatuna pa kuanzia.

Mkataba uletwe kabla tiketi haijakatwa, na mwenye kusafiri aje mwenyewe. Tumeshapokea mashangazi wengi waliotumwa na pasipoti kwenye bahasha. Tuliwarudisha, kwa sababu shangazi hawezi kutuambia kama mpwa wake ameyaelewa masharti.