Je, wajua jinsi mchezo wa kompyuta unavyoweza kupunguza uonevu shuleni?

Ukiuliza dawa ya uonevu shuleni, wengi watakujibu: mtafuteni mtoto mkorofi, aadhibiwe. Finland walianzia kwingine kabisa, kwa watoto wanaotazama.

Mwaka 1996 mwanasaikolojia Christina Salmivalli na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa darasa la sita nchini humo. Walionyesha kwamba uonevu si jambo la watoto wawili tu. Yupo anayeonea na yupo anayeonewa, lakini pembeni wapo wanaomsaidia mwonevu, wanaocheka na kuchochea, wanaojifanya hawajaona, na wachache wanaosimama upande wa mnyonge. Mara nyingi mwonevu anatafuta ukubwa mbele ya wenzake. Vicheko vikikatika, sehemu kubwa ya faida yake inapotea.

Juu ya msingi huo Chuo Kikuu cha Turku, kwa fedha za wizara ya elimu, kilitengeneza programu iitwayo KiVa. Ina vipindi vya darasani, na pamoja navyo mchezo wa kompyuta. Mtoto anatembea ndani ya shule iliyochorwa kwenye skrini, anakumbana na visa vya uonevu, anachagua la kufanya, kisha anaambiwa uchaguzi wake umezaa nini. Anaweza hata kuingia katika mawazo ya wahusika wengine na kujua wanajisikiaje. Baadaye mchezo unamuuliza ametenda nini katika maisha yake halisi ya shule.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo kompyuta inapofanya kazi ambayo hotuba ya mwalimu paredi haiwezi. Kumtetea mwenzako kunatisha, maana kesho unaweza kugeuziwa wewe. Kwenye mchezo mtoto anajaribu, anakosea na kurudia bila kuchekwa na mtu.

Kifaa cha pili ni dodoso. Kila mwaka wanafunzi hulijaza kwenye kompyuta bila kuandika majina, na shule hupewa matokeo yake yenyewe. Mtoto anayeogopa kuonekana akiingia ofisi ya walimu, asije akaitwa mmbea, hapo anasema. Na mwalimu mkuu aliyezoea kusema kwamba shuleni kwake hakuna uonevu anapata majibu ya wanafunzi wake mwenyewe.

Programu ilijaribiwa kati ya 2007 na 2009 katika shule zaidi ya 200, nyingine zikiitumia na nyingine zikiachwa kwa ajili ya kulinganisha. Kwenye madarasa ya msingi uonevu ulipungua waziwazi. Kwa vijana wa madarasa ya juu mafanikio yalikuwa madogo zaidi. Mwaka 2009 ikaanza kusambazwa nchi nzima, na baadaye ikajaribiwa Uholanzi na Italia.

Hata hivyo mchezo haukuachwa peke yake. Kila shule iliunda kikosi cha watu wazima cha kushughulikia kesi. Huzungumza faragha na aliyeonewa, kisha na waonevu mmoja mmoja, halafu wakiwa pamoja, na baadaye hufuatilia kama wametimiza walichokubali. Mwalimu wa darasa naye huwaomba wanafunzi wachache wanaoheshimika wawe karibu na mwenzao. Natamani kila anayebuni programu ya kupokea malalamiko ya wanafunzi aanze na sehemu hii. Mtoto akishatoa siri yake halafu pasitokee kitu, usiku huohuo analala bweni moja na waliomuumiza, na safari nyingine hatasema.

Kwetu, Kenya na Tanzania zina namba 116, simu ya bure ya kuripoti mateso ya watoto. Ila shule nyingi za bweni haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo anayeihitaji zaidi ndiye aliye mbali nayo. Shule yenye chumba cha kompyuta inaweza kuendesha dodoso lisilo na majina kila muhula. Isiyo na kompyuta inaweza kutumia karatasi na sanduku lenye kufuli. Kabla ya swali la kwanza kuulizwa, uongozi uwe umeshaamua nani atasoma majibu wiki hiyohiyo, na nani ataketi na watoto kuzungumza nao.