Asilimia ya Mafuta Mwilini: Namna Inavyokadiriwa na Inavyopaswa Kusomwa

Watu wawili wenye uzito wa kilo 80 na urefu uleule wanaweza kuwa na miili isiyofanana hata kidogo, kwa sababu mizani hupima mafuta, misuli, mifupa na maji kwa pamoja bila kuvitenganisha. BMI nayo, yaani kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, ambayo msingi wake uliwekwa na mwanatakwimu wa Ubelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, hugawanya uzito kwa mraba wa urefu na kuishia hapo.

Tumchukue mmoja wao, mwenye asilimia 25 ya mafuta, yaani kilo 20 za mafuta na kilo 60 za tishu nyingine. Akipungua kilo 5 na zote zikawa mafuta, atabaki na kilo 15 katika 75, sawa na asilimia 20. Lakini kama kilo hizo zingekuwa misuli na maji pekee, mafuta yangebaki kilo 20 na asilimia ingepanda hadi karibu 27, ilhali mizani ingeonyesha uzito uleule wa kilo 75. Kwa kawaida upungufu huwa mchanganyiko wa vyote, na anayejinyima chakula kupita kiasi bila kufanya mazoezi hupoteza misuli mingi zaidi.

Hakuna kifaa kinachoyapima mafuta ya mtu aliye hai moja kwa moja. Kila njia hukadiria. Mizani za nyumbani zenye vibao vya chuma hupitisha mkondo hafifu wa umeme, ambao hupita kwa urahisi kwenye misuli yenye maji mengi na kuzuiwa na mafuta. Kwa hiyo mtu aliyepungukiwa na maji anaweza kusomwa kuwa na mafuta mengi kuliko aliyonayo. Kupima mikunjo ya ngozi kwa kalipa, yaani koleo la kupimia unene, hutegemea sana ustadi wa mpimaji. Kipimo cha DEXA, kinachotumia eksirei za nguvu mbili tofauti, ni makini zaidi, ingawa nacho hakikosi kasoro.

Mwili unahitaji mafuta ili uishi: takriban asilimia 3 kwa mwanamume na 12 kwa mwanamke ni ya lazima. Mwanamke huwa nayo zaidi kwa maumbile, kwa ajili ya uzazi, na akipungua mno hedhi yake inaweza kukatika. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu tunawaona vijana wakishindania namba ndogo kana kwamba ndiyo afya yenyewe.

Mahali mafuta yalipo pana umuhimu zaidi kuliko jumla yake. Yale yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo huhusishwa zaidi na kisukari cha aina ya 2 na maradhi ya moyo kuliko yale ya chini ya ngozi ya mapaja, na utepe wa fundi cherehani unatosha kutoa dalili. Pima mzunguko wa kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa mtu mzima, mzunguko huo unafaa uwe chini ya nusu ya urefu wake.

Anayefuatilia asilimia yake atumie kifaa kilekile, asubuhi, kabla ya kula na baada ya kwenda haja, kisha alinganishe matokeo ya wiki kadhaa, kwani mabadiliko ya siku mbili tatu kwa kawaida ni maji. Mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo asipande mizani zinazopitisha umeme, na mjamzito asizitegemee.