Neno "tu" linavyowaangusha wanafunzi kwenye maswali ya maduara

Hapa Busia, upande wa Uganda, mada ya seti, yaani makundi ya watu au vitu, naifungua kwa chakula. Darasa lina wanafunzi 50. Wanaopenda matoke ni 32, wanaopenda posho (ugali, kwa jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka) ni 27, na 5 hawapendi hata kimoja. Je, wanaopenda vyote viwili ni wangapi?

Majuzi nilisimama nyuma ya mvulana mmoja wa darasa la saba. Alichora maduara mawili yanayopishana, akaandika 32 kushoto na 27 kulia, akajumlisha, akapata 59. Akatazama ile 50 ubaoni. Akafuta, kisha akaandika 32 palepale. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Kujumlisha anajua sana. Kilichomshinda ni kusoma swali.

"Wanaopenda matoke ni 32" si sawa na "wanaopenda matoke tu ni 32". Ndani ya hao 32 wamo pia wanaopenda posho. Kila anayependa vyote amehesabiwa mara mbili, kwenye sufuria ya matoke na kwenye ya posho. Waliomo ndani ya maduara ni 50 toa 5, yaani 45. Sisi tumepata 59. Ziada ni 14, na hao ndio wa katikati. Basi matoke tu ni 18, posho tu ni 13, na 18 + 14 + 13 + 5 inarudi 50. Anayependa mlinganyo aite katikati x: (32 − x) + x + (27 − x) + 5 = 50. Jibu ni lilelile. Watahini wakiongeza uwezekano wa kumpata anayependa chakula kimoja tu, ni 31 kwa 50.

Mstatili unaozunguka maduara msiusahau. Wale 5 wanakaa humo, nje ya maduara.

Neno "au" nalo lina hila. Mama wa hotelini akikuuliza "chai au kahawa?" anataka uchague kimoja. Kwenye seti, "matoke au posho" inawachukua hata wa vyote viwili, kwa hiyo hao ni 45, si 31. Hili nalisema kila wiki na bado linasahaulika.

Maduara yakiwa matatu, anza ndani kabisa kisha utoke nje. Chukua waendesha boda 63 (nambari nimezitunga). Kiswahili wanakijua 41, Kiganda 33, Kisamia 28. Kiswahili na Kiganda ni 20, Kiganda na Kisamia 12, Kiswahili na Kisamia 17. Zote tatu ni 7. Andika 7 katikati kwanza. Ile 20 inao hao 7 ndani yake, kwa hiyo Kiswahili na Kiganda bila Kisamia ni 13. Vivyo hivyo Kiganda na Kisamia wanabaki 5, Kiswahili na Kisamia 10. Kiswahili tu: 41 toa 13, toa 10, toa 7, ni 11. Kiganda tu 8, Kisamia tu 6. Jumla ya vyumba vyote saba, yaani sehemu zote ndani ya maduara, ni 60. Watatu hawajui hata moja. Pengine ni wageni.

John Venn, Mwingereza wa Cambridge, alichapisha michoro hii mwaka 1880, ingawa mwanahisabati Euler alikuwa ametumia maduara zaidi ya miaka 100 kabla yake. Kwa seti nne zinahitajika sehemu 16, ukihesabu na ile ya nje, na maduara manne hayafikishi zaidi ya 14, ndiyo maana Venn mwenyewe alichora duaradufu, yaani maduara yaliyorefushwa kama yai. Shuleni hatufiki huko, nashukuru.

Swali hilo la boda mara ya kwanza nilikosea: Kiswahili niliandika 28. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, Kiswahili tu nimepata hasi mbili. Hawa boda wawili niwaweke wapi?" Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo natunga kinyumenyume: najaza vyumba kwanza, 7, 13, 5, 10, 11, 8, 6, halafu ndipo najumlisha kupata 41, 33 na 28 za kuandika ubaoni.