Choo Kigumu kwa Mgonjwa wa Figo: Dawa Zinazokifunga na Zisizofaa Kukifungua

Katika kazi yangu ya ufamasia hapa Nairobi, wagonjwa wa figo hunieleza bila kusita habari za shinikizo la damu na miguu iliyovimba, ilhali suala la choo hulitaja wakiwa wamekwisha kuinuka kitini. Halistahili kuachwa nyuma hivyo, kwa kuwa figo zinapodhoofika utumbo hubeba sehemu kubwa kuliko kawaida ya kazi ya kutoa mwilini potasiamu, madini ambayo yakizidi huhatarisha moyo, na anayekaa siku kadhaa bila kwenda choo huiziba njia hiyo.

Mara nyingi chanzo ni dawa zenyewe. Vidonge vya madini ya chuma, vinavyotolewa kwa upungufu wa damu, huleta kichefuchefu, hufunga choo na kukifanya cheusi. Kalsiamu kaboneti na sevelama, zinazomezwa pamoja na chakula ili zinase tumboni fosfeti, madini ya chakulani ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, nazo hufunga choo, na sevelama huweza kujaza gesi. Wapo wanaoziacha kimyakimya. Fosfeti ikipanda, daktari huongeza dozi asijue kwamba hata ile ya kwanza haikumezwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni tiba ya kujinunulia. Ile dawa nyeupe ya maji yenye magnesiamu, inayouzwa dukani bila cheti cha daktari, huwafaa wenye figo nzima, lakini figo zikiwa dhaifu magnesiamu hujilimbikiza, na ikizidi hulegeza misuli, hushusha shinikizo la damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Dawa za fosfeti za kusafisha tumbo zinaweza kuziumiza figo zenyewe. Hata ushauri wa jirani, kwamba unywe maji mengi na ule ndizi na parachichi, hugongana na kiwango cha maji na potasiamu ambacho wengi wamewekewa. Mimi hupendelea laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo ambayo karibu yote hubaki utumboni, pamoja na kabichi na tufaha. Na vidonge vya chuma vikishindikana, daktari anaweza kuagiza chuma cha mshipani, jambo jepesi kwa anayesafishwa damu kwa mashine.

Kuharisha, ambako metfomini, dawa ya kisukari, huweza kukusababisha, hakungojewi. Ukiharisha au kutapika huku unatumia dawa za shinikizo la damu kama enalaprili na losatani, au dawa za kukojoza, ipigie kliniki simu siku hiyohiyo uulize kama uzisimamishe kwa muda, kwani mwili ukipungukiwa maji, dawa hizo zinaweza kuzidisha madhara ya figo.