Je, wajua kwa nini koki ya ndoo ya mbege huvuja zaidi ukiikaza zaidi?

Koki ikianza kudondosha, mkono hukimbilia nati. Inakazwa, matone yanapungua siku moja au mbili, kisha yanarudi kwa kasi. Inakazwa tena, mpaka nati inapasuka au ndoo inapata ufa, na koki inaitwa feki. Mara nyingi koki ni nzima kabisa. Kilichoumia ni washa, ile pete ya mpira inayobanwa kati ya koki na ndoo.

Mbege, pombe ya ndizi na kimea cha ulezi, siku hizi huonekana Moshi na Arusha ndani ya ndoo za plastiki za lita 20 zilizotobolewa na kufungwa koki, sawa na zile za kunawia mikono zilizoenea mwaka 2020.

Dhana ya kurekebisha ni kwamba nati ndiyo inayozuia uvujaji. Haizuii. Meno ya koki ni njia moja nyembamba inayozunguka toka ndani ya ndoo hadi nje, kama barabara ya kona inayoshuka kutoka Marangu: hata ukizibana kingo zake, barabara bado ipo, na kimiminika kina muda wa kuishuka usiku kucha. Tepu nyeupe ya mafundi bomba nayo haiponyi hapa. Inafaa kwenye bomba lenye meno ya mchongoko, ambayo hubanana kadiri yanavyoingia. Meno ya koki ya ndoo yamenyooka, hayabanani hivyo. Kazi ya nati ni kuikandamiza washa tu.

Na washa ina kipimo chake. Chukua donge la unga wa chapati uliokandwa, uweke chini ya kiganja. Ukibonyeza kidogo, unga unaingia kwenye mistari yote ya mkono. Ukibonyeza kwa nguvu zote, unatoroka pembeni na katikati unabaki utando. Mpira wa washa hufanya vivyo hivyo: ukizidiwa huchomoka upande mmoja, na pale ulipochomoka ndipo panapovuja. Ukuta wa ndoo nao ni mviringo na laini, kwa hiyo nati iliyokazwa mno huukunja. Zaidi ya hapo, plastiki ya ndoo hulegea polepole ikikandamizwa muda wote. Ndiyo maana koki iliyokazwa Jumamosi inaweza kulowa wiki inayofuata bila kuguswa na mtu.

Upande wa kuweka washa nao una uzito. Ikiwa iko ndani tu, chini ya nati, pombe inaweza kupenya kwenye meno na kutokea nje. Iweke nje, kati ya bega bapa la koki na ukuta wa ndoo, ili njia ya meno iishie kwenye mpira. Ya pili chini ya nati haina ubaya. Tumia washa laini ya silikoni, unene wa milimita 3 hivi. Tyubu ya baiskeli huziba, lakini haikutengenezwa kwa chakula na huacha harufu ya mpira.

Kaza kwa mkono mpaka nati igome, kisha ongeza robo mzunguko. Koki ishikwe isizunguke, kwa sababu washa ikisokotwa hujikunja.

Tundu likae sentimita 4 au 5 juu ya kitako, ili machicha yabaki chini. Koki ya nusu inchi haitaki tundu la milimita 12.7. Jina linatokana na nafasi ya ndani ya mabomba ya chuma ya zamani, na meno yake kwa nje yana takriban milimita 21. Tundu lililotobolewa kwa chuma cha moto huacha ukingo uliovimba. Uparue kwa wembe hadi pawe bapa, la sivyo washa italalia kilima. Tundu likizidi ukubwa, tafuta ndoo nyingine: gundi za kawaida hazishiki vizuri plastiki hii.

Kabla ya kutia mbege, jaza maji, kausha nje, zungushia karatasi ya chooni kwenye bega la koki, uache hadi asubuhi. Karatasi ikilowa, tatizo ni washa. Ikiwa kavu huku mdomo wa koki ukidondosha, fungua koki uoshe: mara nyingi ni pumba za ulezi zilizokaukia ndani.