Beseni, Taulo na Ugumu wa Kutawadhwa

Sabato ya Meza ya Bwana ikikaribia, ambayo kwetu Waadventista kwa desturi huja mara moja kila robo ya mwaka, mashemasi huniuliza juu ya mkate na divai isiyochacha. Juu ya mabeseni huwa kimya. Ilhali kutawadhana miguu ndiko kunakotangulia, na ndiko tunakokuita huduma ya unyenyekevu. Kukienda ovyo, watu hufika mezani na vinyongo vyao vile vile.

Basi tuanze na maji. Tuseme washiriki ni 80. Kila mtu lita 2, jumla lita 160, yaani jerikeni 8 za lita 20. Ongeza moja ya kunawa mikono. Tafuta mabeseni 10: jozi ziko 40, kila beseni lihudumie jozi 4, na kila jozi ikichukua dakika 7, nusu saa haiishi. Ukijibana na mabeseni 4, utapita saa nzima, na watakaochoka kungoja watatoka nje "kupunga upepo" wasirudi. Wanaume na wanawake hutengewa sehemu zao. Gawa mabeseni kwa idadi ya watu, maana akina mama kwa kawaida ndio wengi.

Maji yawe vuguvugu: sehemu moja iliyochemka kwa tatu za baridi. Asubuhi ya Kabale, kwenye milima ya Uganda yenye baridi, hiyo si anasa. Adjumani, kwenye joto, unaweza kuacha kuni zako. Tangulia kumimina ya baridi, kisha ya moto, upime kwa kiwiko. Wenye kisukari wengine wamekufa ganzi nyayoni na huweza kuungua bila kujua. Maji hubadilishwa kwa kila mtu, si kwa kila jozi, na taulo haishirikiwi, kwani fangasi haijui ushirika. Tangazeni Sabato iliyotangulia kila mmoja aje na yake. Mwenye kidonda au funza asivutwe mbele za watu. Mtengee kona yenye pazia, na anayemhudumia avae glavu bila kufanya tamasha.

Sasa jambo ambalo beseni haliwezi kulitengeneza. Wengi hudhani kazi ngumu ni kupiga magoti. Hapa Buganda, mwanamke aliyelelewa kwa mila hupiga magoti kila anaposalimia wakubwa, kwa hiyo kuinama mbele ya beseni hakumgharimu kitu. Kinachomgharimu ni kukaa kitini huku mama mkwe, au mke wa mzee wa kanisa, akimpigia magoti yeye. Kwa wanaume ni vivyo hivyo, ila ngazi yao ni umri na mfuko. Fundi wa bodaboda humtawadha mwajiri wake kwa furaha. Mwambie sasa akae yeye, uone anavyovuta mguu. Petro naye alikwama hapo hapo. Hakukataa kutawadha, alikataa kutawadhwa na Yesu.

Ndiyo maana huwaomba mashemasi wasome Yohana 13 kuanzia aya ya 3, wasirukie ya 5. Yesu anainuka kutoka chakulani akijua alikotoka na anakokwenda. Anayejidharau hainami hivyo, huyo anajikunyata. Mtu asiye na cheo cha kulinda ndiye anayeweza kushika kisigino cha mwenzake bila kupiga hesabu, na "heri" ya aya ya 17 wameahidiwa wanaotenda, si wanaojua tu. (Neno lenyewe, kutawadha, majirani zetu Waislamu hulitumia kila siku. Sisi tunalifungua mara nne kwa mwaka.)

Makosa ninayoyaona sana ni ya kupanga jozi. Wazee wa kanisa hutawadhana wao kwa wao, wanakwaya nao wao kwa wao, na mgeni aliyetoka Kongo juzi anabaki ameshika taulo lake. Shemasi mmoja asimame mlangoni, kazi yake iwe kuwaunganisha waliobaki peke yao. Waliogombana wakitafutana wenyewe, vizuri sana, lakini usimpange mdai na mdaiwa wake mbele ya watu: huyo hatapatana, ataaibika. Simu za kupiga picha zikae mifukoni. Sala ya jozi iwe fupi, kwa sababu nyuma yao kuna jozi nyingine imesimama na viatu mkononi.

Ndugu zetu Wakatoliki hufanya tendo hili Alhamisi Kuu, padre akiwaosha wachache kwa niaba ya wote, na tangu 2016 wanawake pia wamo rasmi. Hiyo ni njia tofauti. Kwetu hakuna mtazamaji, na hapo ndipo kosa la mwisho linapojificha: waliochota maji, wakachemsha na kumwaga, mara nyingi ndio hawatawadhwi. Washiriki wengine wote wakishaingia kanisani, wao wanasugua mabeseni. Weka kando beseni moja, taulo safi na jerikeni moja ya ziada, iandikwe "mashemasi" kwa chaki. Mwimbishaji aongeze wimbo mmoja au miwili hadi nao waingie na miguu iliyokauka. Mabeseni yatasuguliwa baada ya ibada.